Spea za lori la jeshi: barua kwa sahibu yangu fundi

Ohio, Marekani

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba Bi Mkubwa magoti yamempa nafuu. Mwambie mwanawe wa huku anamwamkia, shikamoo yake ni ya kila siku hata kama simu sipigi. Sisi tu wazima. Baridi imeanza kulegea na theluji imebaki vipande vipande tu chini ya uzio.

Picha za Bedford, lile lori la jeshi la Uingereza ulilonunua, zimefika. Nimezitazama hata chai ikapoa. Ni MK kweli, hukudanganywa. Kebini ni ileile ya TK, Bedford la kiraia, tuliyokuwa tukipandia nyuma ya maghala ya Shimanzi tukiwa wadogo, ila hili limesimama juu zaidi, difu la mbele linaonekana, na kwenye paa kuna lile tundu la duara la askari kuchungulia. Unasema watu wa gereji wamekwambia umenunua chuma chakavu kwa sababu spea zake hazipo tena duniani. Mimi nakwambia zipo. Nimekaa na lori langu mwaka wa nne sasa, na nilichojifunza nataka nikupe chote, hata kile kilichonitia hofu ambacho sijawahi kukuandikia.

Langu unalijua, M35A2, lile ambalo wanajeshi wa huku waliliita "deuce and a half", yaani tani mbili na nusu, mzigo wake wa porini. Bati la dashibodi linasema AM General, 1971. Ekseli tatu na zote zinavuta, matairi kumi, injini ya silinda sita yenye lita 7.8 iliyoundwa kunywa chochote inachopewa: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na kukiwa na dhiki hata petroli. Nililitoa mnadani, kwenye mali ambayo jeshi limeiacha, betri zimekufa na breki zimeshikana.

Nilianza kama tulivyofundishwa. Nikachomoa wili silinda mbovu, kile kisilinda cha kwenye gurudumu kinachosukuma breki, nikaifuta, nikaibeba mkononi mpaka dukani. Kwetu ungeiweka juu ya meza, muuzaji angeigeuza mara mbili, angeingia ndani na kutoka na nyingine. Huku kijana wa kaunta hakuigusa. Aliniuliza gari la mwaka gani, la kampuni gani, akaandika kwenye kompyuta, akaniambia gari hilo halipo. Nilizunguka maduka matano. Siku ile nilirudi nyumbani mnyonge, nikafikiri hao watu wako wa gereji wana haki.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mzee aliyeendesha malori kama haya Vietnam. Alikuja akaegemea bampa akaniuliza, "Umetafuta namba?" Nikamwonyesha namba iliyochongwa kwenye chuma. Akasema hiyo ni ya kiwandani, namba ya kitu chenyewe iko kitabuni.

Sikiliza hapa, maana ndipo penyewe. Jeshi halikijui kitu kwa jina wala kwa gari kinamotoka. Kila kitu, kuanzia injini nzima mpaka nati ya taa, kina namba yake yenye tarakimu kumi na tatu, na nchi za NATO zote zinatumia mpango huohuo. Nne za mwanzo zinakwambia kitu cha aina gani. 2530 ni breki, usukani, ekseli na magurudumu. 2910 ni mambo ya mafuta ya injini, 2920 ni umeme wa injini, 3110 ni beringi, 5330 ni gasketi na sili. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoiandikisha: 00 na 01 ni Marekani, 12 Ujerumani, 99 Uingereza. Saba za mwisho ni za kitu hicho peke yake. Kwa hiyo 2530 yangu na 2530 yako ni kabati moja, ila yako nyingi utaziona zina 99 katikati. Na ukikutana na boksi kuukuu lenye tarakimu kumi na moja tu, usiliache. Kabla ya 1974 Wamarekani hawakuweka zile mbili za nchi. Tia 00 baada ya nne za mwanzo, kitu ni kilekile.

Namba hizo utazipata kwenye kitabu cha vipuri cha gari. Changu ni cha mfululizo wa TM 9-2320-361, na vile vyenye herufi P mwishoni ndivyo vya vipuri. Kila kurasa ina mchoro wa kitu kilichofumuliwa, habu imetenganishwa mpaka washa ya mwisho, na kila kipande kina mstari wake wenye namba. Vitabu vyenyewe havina siri, unavipakua bure. Vya Bedford navyo jeshi la Uingereza liliviandika. Tafuta kitabu kabla hujatafuta hata bolti moja.

Kuna jambo jingine ndani ya mistari ile ambalo wengi hulipita. Kando ya namba ya kitu huandikwa alama ya aliyekitengeneza, tarakimu tano. Ukiona 19207, huyo ni jeshi lenyewe, idara ya magari, na kitu hicho mara nyingi kitapatikana kwa wauzaji wa mali ya jeshi tu. Ukiona alama nyingine, huenda ni kampuni ya kawaida iliyokuwa ikiliuzia jeshi kitu kilekile ilichowauzia wakulima. Beringi za habu zangu ni Timken, namba imepigwa kwenye chuma. Muuzaji wa vitu vya jeshi aliniambia bei ya kutisha. Nikaenda duka la matrekta na ile namba ya Timken kwenye karatasi, nikazipata siku hiyohiyo kwa chini ya nusu. Hapo nilikukumbuka wewe. Ni wewe uliyenifundisha kwamba beringi haina gari, ina namba, ukaifute uisome kabla hujafungua mdomo dukani. Nilivuka bahari nikasahau somo lako, ikabidi nilisome tena kwa gharama.

Sasa lile la hofu.

Breki za lori hili zina masta silinda moja, ile pampu inayosukumwa na pedali, chumba kimoja, na njia moja ya mafuta inayogawanyika kwenda kwenye madramu sita. Upepo unasaidia kusukuma, lakini kinachobana ni mafuta. Hosi moja ikipasuka, au wili silinda moja ikiachia, pedali inakwenda mpaka chini na madramu yote sita hayana kitu. Kinachobaki ni hendbreki, na hiyo haishiki magurudumu, inashika propela pale inapotoka kwenye transfa, ile gia boksi ya pili inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma.

Kwa ile namba nilipata wili silinda nne. Mpya, hazijawahi kufungwa, ndani ya mfuko uliozibwa, kwenye boksi limeandikwa mwezi na mwaka wa kufungwa: 1986. Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikazifunga, nikatoa upepo, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Wiki tatu niliendesha kwenye vichochoro vya mashambani bila wasiwasi.

Jumamosi moja nilikuwa nashuka ule mteremko wa kuingia nyumbani, mwanangu ameketi kando yangu. Nikakanyaga, mguu ukazama. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Gari lina karibu tani sita bila mzigo. Nilivuta hendbreki kwa nguvu zote, lori lilikuwa kwenye gia ya kwanza nalo likajizuia kidogo, tukasimama bampa ikiwa imelala juu ya uzio wa mzee jirani. Mtoto alidhani ni mchezo. Mimi nilikaa pale mikono ikitetemeka, na jioni sikuweza kula.

Nilipofumua niliona. Chuma kilikuwa kipya kweli, kinang'aa. Raba zilikuwa na umri wa boksi. Ngumu, hazina tena ule uhai wa kubana ukuta wa silinda, na moja ilikuwa imechanika mdomo. Zaidi ya hapo, mafuta yaliyotoka yalikuwa ya rangi mbili, zambarau na kahawia. Jeshi la huku katika miaka ya 1980 liliacha mafuta ya breki ya kawaida likahamia yale ya silikoni, na mtu fulani aliyelishika lori kabla yangu alijazia ya kawaida juu yake. Hayachanganyiki hayo. Unyevu unabaki umekaa chini peke yake unakula chuma.

Niliosha paipu zote, kila moja. Zile silinda sikuzitupa, maana chuma chake ni kizuri. Nilizisugua ndani kidogo, nikapima kipenyo kwa venia, nikanunua raba zilizotengenezwa majuzi kwa kipimo hicho, za madramu yote sita, na hosi zote nikatengenezewa mpya kwenye duka la haidroliki. Tangu hapo kitu chochote chenye mpira, iwe hosi, oili sili, raba ya breki au diaframu, sikinunui kwa sababu boksi halijafunguliwa. Namba inakuhakikishia kwamba kitu ni chenyewe. Kwamba bado ni kizima, hapo inakuwa kimya. Na sasa natafuta masta silinda ya vyumba viwili, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Wako wanaolaumu kwamba kufanya hivyo ni kuliharibu gari la kihistoria. Hao hawakuwa kebini siku ile.

Nikurudie na Bedford lako. Kiwanda cha Bedford cha Dunstable, Uingereza, kiliachana na General Motors miaka ya 1980 ilipokuwa inaelekea kwisha, kwa hiyo usitarajie kitu kipya kutoka kwa mwenye jina. Lakini anza na vilivyo karibu. Injini yako ni ya jamii ya ile 330 ya TK, lita 5.4, na wewe umezifungua ngapi? Usiagize ng'ambo gasketi au pampu ya maji kabla hujaweka ya TK na yako sambamba mezani ukazipima. Milango, vioo, vitasa, hivyo navyo ni vya TK, na malori yale yamelala mpaka leo kwenye viwanja vya watu kuanzia Mariakani hadi Voi. Cha jeshi kabisa ni transfa, ekseli ya mbele na vyote vinavyozungukia pale. Hivyo ndivyo vya kutafuta Uingereza kwa namba zenye 99. Jeshi lao liliyauza haya kwa wingi, na wako watu huko wanaoyafumua na kuuza kipande kipande. Ukishajua unachotaka, changa oda zako ziwe moja. Ekseli haiji kwa ndege, na kontena la kushirikiana mpaka Kilindini halina maana kwa kitu kimoja.

Umeme sitaki kukuchosha nao. Nakwambia tu kwamba kwenye langu kila waya una pete ndogo ya bati yenye namba, na namba hiyo iko kwenye mchoro wa kitabuni. Aliyelirithi kabla yangu alikuwa amezikata nusu yake, na hizo nusu ndizo zilizonichukua mwezi mzima. Lako likiwa na alama zozote kwenye waya, usikate hata moja.

Mzee jirani hakunidai uzio. Nilipomwambia kilichotokea aliinama chini ya lori akaitazama ile masta silinda, akasema hata wao waliiogopa. Alikuwa akiendesha kutoka Qui Nhon kupanda Pleiku, barabara namba 19, milima mitupu. Hasemi mengi zaidi ya hapo. Wiki iliyopita nilimwomba apande. Alikaa, mkono ukaenda wenyewe kwenye liva ya transfa bila kutazama, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia taa ya dashibodi ya kulia si ya asili. Kweli si ya asili. Nimeshaitafutia namba.

Sasa nifanyie haya. Piga picha ya bati la gari na ya kila bati dogo utakaloliona kwenye gia boksi, transfa na difu. Fungua habu moja ya mbele, moja tu, uisafishe, uniandikie namba ya beringi na ya oili sili. Pima wili silinda kwa venia, unipe kwa inchi na kwa milimita. Kibovu usikitupe mpaka kipya kimefanya kazi. Na usimpe mtu yeyote aliendeshe, hata hapo uwanjani, kabla hujabadilisha raba za breki.

Dada yangu anakuja Mombasa mwezi wa nane. Raba ni nyepesi, hazijazi hata mfuko wa suruali, nitampa akuletee za magurudumu yote manne na za akiba. Vipimo vinifikie kabla ya mwezi wa saba.

Wasalimie wote wa mtaani.

Ni mimi sahibu yako.