Kampuni imekufa, magazeti yake yako wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Wanafunzi wangu wameandika rasimu ya makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu kampuni ya intaneti iliyokuwa Arusha, jirani na Mnara wa Saa, ambayo ilifungwa miaka mingi iliyopita. Rasimu hiyo imetugawa chumba cha walimu. Wenzangu wanasema kampuni imeshakufa, hata kibao chake hakipo tena, ya nini kuiandikia?

Kufa si hoja. Netscape ya Marekani, kampuni ya programu ya kufungulia kurasa za intaneti iliyoanzishwa 1994, ilinunuliwa na kampuni ya AOL na programu yake haitumiki tena, lakini makala yake ipo. Kanuni ya Wikipedia ni kwamba kitu kikishastahili makala, hakipotezi sifa hiyo kwa kupitwa na wakati. Swali ni kama watu wasio na masilahi na kampuni waliwahi kuiandika kwa kina, katika vyanzo vya kuaminika, tena zaidi ya kimoja.

Hapo nabanwa mwenyewe, maana kampuni ile naipenda. Ndiko nilikofungulia barua pepe yangu ya kwanza. Unalipa kaunta, unapewa kikaratasi chenye namba ya siri ya nusu saa, unaketi. Ukurasa mmoja ukifunguka, dakika tano zimeshakwenda. Mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti upitao chini ya bahari, ulikuwa haujafika Dar es Salaam, ulifika Julai 2009, na intaneti ya dishi la setilaiti ilikuwa ghali kwelikweli. Lakini kumbukumbu zangu si chanzo. Mwanafunzi mmoja alileta kalenda ya kampuni hiyo kutoka kwa babu yake, yenye picha ya Mlima Meru, kingo zimeliwa na mende. Nilimweleza kwamba haitufai, kwa kuwa imetolewa na kampuni yenyewe, sawa na tangazo la kulipia. Aliikunja taratibu akairudisha kwenye mkoba. Iliniuma.

Ila wenzangu nao wameharakisha. Walitafuta Google, wakakosa, wakasema hakuna kilichoandikwa. Magazeti yetu mengi ya miaka ya 1990 hayajawekwa mtandaoni! Baraza la Usalama liliamua 1995 kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iwe Arusha, na waandishi wa habari wakawa wanapishana mjini. Siamini kwamba hakuna aliyeandika habari ya watu waliokuwa wakiuza intaneti pale pale. Gazeti la karatasi linakubalika kama chanzo, na la Kiswahili ni sawa na la Kiingereza, mradi utaje jina, tarehe na ukurasa ili mwingine aweze kulitafuta.

Kwa hiyo nimewaambia wanafunzi rasimu isipandishwe kwanza. Tunaanza na majalada ya magazeti maktaba ya mkoa, na tusipopata kitu, nitakubali kwamba makala haistahili, hata kama roho inakataa.

Wasomaji wako wa Arusha na Moshi wenye magazeti ya zamani sandukuni, naomba wayapekue kabla mchwa hawajamaliza kazi. Atakayekuta habari ya kampuni hiyo, ya mwandishi na si tangazo, atutumie kupitia kwako jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Gazeti lenyewe tutalifuata kwa miguu yetu.

Mwalimu,
Moshi