Usilibadilishe jina la Gift

Dada shikamoo,

Mama anaendeleaje na mguu? Huku Leipzig sisi wazima, baridi ndo imeanza kuuma ila hita zinawaka.

Nimeisikiliza voisi yako mara tatu, kwamba unataka kumbadilishia Gift jina kabla hajaja kwangu huku Ujerumani. Huyo alokwambia Gift kwa Kijerumani ni sumu hajakudanganya. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza nilishuka chini kwenye stoo ya baiskeli nikakuta karatasi mlangoni, Vorsicht Rattengift, na panya kachorwa, nikasimama pale najiuliza jina la mwanetu limefikaje huku, kumbe wameweka sumu ya panya kwenye kona. Na wenye watoto wadogo wanabandika kwenye friji namba ya Giftnotruf, mtoto akimeza kitu unapiga hapo.

Lakini dada usiende kubadilisha cheti. Hili neno nimelala nalo wiki nzima, ngoja nikwambie.

Asili yake ni kutoa. Kutoa kwa Kijerumani ni geben, Waingereza give, na gift ni kile kilichotolewa. Wajerumani zamani nao walisema Gift kwa maana ya zawadi, na mpaka leo limebaki kwenye Mitgift, yani ile mali bibi harusi anayotoka nayo kwao. Sumu iliingia kwa mlango wa waganga. Wagiriki walikuwa na neno dosis, maana yake kutoa, wakaiita hivyo na dawa anayopimiwa mgonjwa, likaingia kwenye Kilatini, Wajerumani wakaliwekea neno lao Gift, kitu umepewa umeze. Na ukitaka kumsema mtu aliyetiliwa sumu bila kuitaja, si hata sisi tunasema kapewa kitu? Basi ndo hivyo hivyo, pole pole maana ya zawadi ikafa ikabaki ya sumu, zawadi sasa wanaita Geschenk. Na hiyo dosis ndo dozi yetu dada, ile ya mseto unayomeza siku tatu.

Kazini kuna dada wa Sweden nikamuuliza, akasema kwao gift ni sumu na pia ni mtu mwenye ndoa, kwenye fomu kama hujaolewa unaandika ogift. Denmark na Norway vile vile sumu na ndoa, maana binti alikuwa anatolewa na wazazi wake. Waholanzi wao wamegawa, gift ni mchango, gif ni sumu, herufi moja tu. Ila kilichonigusa ni Kiingereza cha kale kabisa, huko gift ilikuwa mahari! Hii maana ya zawadi waliipata kwa watu wa Skandinavia waliohamia kwao.

Sasa wewe uliyemngoja yule mtoto miaka tisa umwite nani? Sikufichi, watoto shuleni wanaweza kumtania mwanzoni, nimeshaongea na mwalimu wake na amelielewa vizuri, kasema siku ya kwanza atawaeleza darasa zima maana yake. Nyumbani kwangu ataitwa Gift.

Pasi iandikwe hivyo hivyo kama cheti, majina yakipishana ubalozini watakuzungusha. Na mpimie mguu unitumie saizi, nataka nimnunulie buti kabla theluji haijaanza.

Mdogo wako