Barua ya wazi kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya ya Bagamoyo

YAH: MOTO WA KIANGAZI NA MAKAZI YA KANGA NA KWALE BONDE LA RUVU

Mheshimiwa,

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linatugusa wengi: wakulima, wafugaji, wachoma mkaa, na wewe uliyepewa dhamana ya wanyamapori. Kwenye mkutano wa kijiji tulieleza kwamba vichaka vya kando ya mto vinafyekwa na kuchomwa kabla ya masika. Mzungumzaji mmoja akajibu kwamba ndege wana mabawa, watahamia kwingine. Wengi waliridhika na jibu hilo. Mimi sikuridhika, na naomba unisikilize.

Huko kwingine kuna wenyewe. Kwale dume akipanda kichuguu alfajiri na kupiga ule ukelele wake wa kukwaruza, anawatangazia jirani zake mpaka wake ulipo, na jirani humjibu kutoka ng'ambo ya korongo. Jioni wanarudia. Ukimchomea kichaka chake, ataingia kwa mwenzake, atapigwa kwa mdomo na kwa miiba ya miguuni, kisha atafukuzwa hadi kwenye uwanda mtupu. Huko hata njaa haimuwahi, maana mwewe wanaufuata moto tangu moshi unapoanza kupanda, na usiku wapo nguchiro na paka-mwitu.

Uskoti wamelichunguza jambo hili kwa ndege wa jamii ya kwale aitwaye grausi. Watafiti David Jenkins na Adam Watson, pamoja na wenzao, waliwafuatilia ndege hao katika bonde la Glen Esk kuanzia 1956 hadi 1961. Kila vuli la huko, yaani kabla ya majira ya baridi, madume hugawana ardhi kwa vita na kelele. Wenye eneo na majike wao wengi huvuka baridi salama. Wasio na eneo husukumwa pembezoni, na vifo vya majira ya baridi karibu vyote huwaangukia wao. Chakula chao, kichaka kifupi kiitwacho hetha, kilikuwapo hata wakati wa baridi. Walichokosa ni mahali pao. Tena mwenye eneo akiondolewa, mmoja wa wale wasio na kitu huja kukaa pale pale. Yaani walikuwa wakisubiri nafasi, na nafasi hazikutosha.

Kwetu hakuna theluji, na kwale si grausi. Lakini kiangazi chetu, nyasi zinapokauka na madimbwi kuisha, ndicho kipindi chetu cha kubanwa. Kanga nao, ingawa wakati huo hutembea makundi makubwa, hawaendi popote wapendapo. Wanahitaji maji ya kunywa na miti ya kulala. Pita chini ya mkuyu wanaolala: ardhi imejaa kinyesi na manyoya meusi yenye madoa meupe, kwa sababu kundi hurudi mti ule ule usiku baada ya usiku. Mti huo ukiingia tanuri la mkaa, kundi zima limepoteza nyumba. Wategaji nao wanajua. Nyavu na tanzi hukutwa zimetegwa kwenye njia ya maji, mahali ambapo kanga hana budi kupita.

Najua kanga hufukua mbegu za mahindi. Mimi ni mkulima, nawafukuza shambani kila msimu. Lakini ndio hao hao wanaookota panzi, mchwa na viwavi, na sioni sababu ya kuwamaliza kwa ajili ya wiki mbili za kulinda mbegu.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hizo mita 60 zikiheshimiwa pande zote za Ruvu, kwale wana vichaka, kanga wana miti na maji. Naomba zipimwe na ziwekewe alama ambazo hata mtoto ataziona, na miti ya kulala kanga iandikwe pamoja na wazee wanaoijua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 nayo inamtaka mwindaji awe na leseni. Askari wako wakipita njia za maji wakati wa kiangazi, tanzi watazikuta bila kutafuta sana.

Kuhusu moto, sisemi wakulima waache kuchoma. Hao Waskoti wenyewe huichoma hetha, ila kwa vipande vyembamba na kwa zamu ya miaka mingi, ili kila palipochomwa pawe jirani na palipobaki. Nasi tunaweza kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kila mtu shamba lake, jirani wakiwa wameambiwa. Tatizo ni moto mmoja wa Januari unaoachiwa upepo wa kaskazi na kula bonde zima kwa alasiri moja.

Tafadhali njoo Makurunge kabla kiangazi hakijakolea, uitishe mkutano, na kauli ile ya mabawa ijibiwe na wewe mwenyewe mbele ya wale walioisikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa mahindi na ufuta,
Makurunge, Bagamoyo