Barua kutoka Dodoma kuhusu picha ya udongo mwekundu

Ndugu yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Sisi hatujambo, ila upepo wa kiangazi umeanza na vumbi linatuingilia hadi kabatini. Nakuandikia kwa jambo moja tu, nalo ni maonyesho ya pamoja ya wasanii wa kisasa ambayo nimeyatembelea mara mbili juma hili, kwa kuwa mara ya kwanza nilirudi nyumbani sijatosheka.

Wasanii ni saba na ukumbi si mkubwa. Nisikufiche, baadhi ya kazi hazikunigusa: morani na mikuki yao mbele ya jua linalozama, zimechorwa kwa ustadi lakini tumeziona mno. Taa nazo zimefungwa vibaya, hata picha mbili za rangi ya kung'aa, ya aina ile ya kupakia baiskeli ambayo Edward Saidi Tingatinga aliitumia Dar es Salaam tangu mwaka 1968, zilinilazimu nizitazame kwa upande ili nisione mwanga mtupu.

Kilichonirudisha siku ya pili ni picha ya binti mmoja wa Kondoa. Rangi yake hakuinunua dukani. Aliniambia kwamba alisaga mawe mekundu ya kwao, akachekecha unga wake kwa kipande cha kanga, kisha akaukoroga na gundi ya mgunga, ile inayotona kwenye gome na ambayo watoto wa huku huitafuna wakichunga mbuzi. Nilisogea karibu kabisa nikaona chembe za mchanga zilizoponyoka kwenye kanga zikimetameta juu ya turubai, na chini pembeni, alama ya kidole gumba. Amechora wanawake kwenye foleni ya maji, warefu, wembamba, vichwa vyao vikubwa kama vibuyu, nami nikatambua papo hapo kwamba umbo hilo amelitoa kwenye miamba ya Kolo, huko huko Kondoa.

Bila shaka unakumbuka siku tulipopanda kule kuitazama michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wewe ndiye uliyenionyesha jinsi michoro myeupe ilivyopakwa juu ya ile mekundu iliyoitangulia, na mahali pengine mnyama mmoja kupita juu ya mgongo wa mwenzake, bila mchoraji wa baadaye kuhangaika kusafisha jiwe kwanza. Mikono mingi, ya nyakati zilizoachana sana, ukuta mmoja. Tangu siku ile sijaweza kuyatazama maonyesho ya pamoja kama kusanyiko la watu waliogawana kodi ya ukumbi; nataka kuona kazi moja inaifanya nini kazi iliyo jirani yake.

Hapa jambo hilo limetokea mahali pamoja tu. Mbele ya picha ya binti huyo wameweka kinyago cha mpingo cha mchongaji aliyelelewa katika mikono ya Wamakonde, mzee anayeinama, na mchongaji huyo hakuondoa sehemu yote nyeupe iliyo chini ya gome, bali ameacha ukanda mwembamba ushuke kutoka bega hadi kisigino. Ukisimama mlangoni, ukanda ule unaungana na njia nyeupe ambayo binti ameichora nyuma ya foleni, na mzee anakuwa mtu wa mwisho anayesubiri maji. Nilisimama pale muda mrefu, na nakiri kwamba machozi yalinilenga. Kazi nyingine zote zimetengwa, kila msanii na kona yake. Nilimweleza mmoja wa waandaaji kwamba wanazinyima nafasi ya kuzungumza, naye akanisikiliza kwa heshima na kuniuliza ningeanza kuhamisha ipi.

Nilimtajia zile picha zako za wapagazi wa Kariakoo, ingawa hazimo. Mgongo wa yule aliyebeba gunia unapaswa kuning'inia kando ya wanawake wale wa Kondoa. Wanapokea kazi mpya hadi mwisho wa mwezi ujao, kwa hiyo nakuomba uje nazo mwenyewe kwa treni ya umeme, umezifunga kwa blanketi na kuzikinga pembe kwa maboksi. Nitakupokea stesheni, na chumba cha uani kimeshafagiliwa.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Dodoma