Neuhaus haina daraja, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Neuhaus, mji aliozaliwa Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha ukoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki, nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Mimi naishi hapa. Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini hili limenishinda kulinyamazia.

Mwandishi wenu anasema msafiri akitoka Hamburg anavuka daraja la mto Elbe pale Bleckede na kuingia Neuhaus. Daraja lipi? Bleckede kuna kivuko, Neu Darchau kuna kivuko kingine, basi. Mto ukifurika, maji yakipungua sana au barafu ikitanda, vivuko vinasimama, na mtu anazunguka hadi Lauenburg upande wa chini au Dömitz upande wa juu. Daraja la Darchau watu wanalijadili tangu Ujerumani iungane tena.

Mtoto wa kaka yangu aliisoma makala hiyo hiyo, akaamini. Alikuja kunitembelea usiku na mkewe mjamzito, hakuniuliza njia kwa sababu gazeti lilishamweleza. Kivuko kilikuwa kimefunga. Akanipigia simu: "Shangazi, mbona barabara imeingia majini?" Picha aliyonitumia ninayo mpaka sasa: taa za gari zinamulika kizuizi chekundu na cheupe, nyuma yake maji meusi tu. Walirudi wakazungukia Lauenburg na Boizenburg, mkewe miguu imemvimba. Kufika kwangu ilibidi wapite majimbo mengine mawili, Schleswig-Holstein na Mecklenburg-Vorpommern, ndipo warudi Niedersachsen walikotoka. Na hayo ndiyo maisha ya mkazi wa hapa mwenye shida Lüneburg, makao makuu ya wilaya yalipo, kivuko kikiwa hakifanyi kazi.

Kwa ninyi hilo la majimbo halipo kabisa, kwa kuwa mmetuweka Mecklenburg. Halafu mnaandika kwamba Peters alizaliwa Ujerumani Mashariki! Peters alizaliwa Septemba 1856, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, Neuhaus ikiwa chini ya Ufalme wa Hanover. Ujerumani Mashariki ilianzishwa 1949. Mwaka 1945 Waingereza ndio waliokuwa wameshika eneo hili, wakawaachia Warusi kwa sababu liko ng'ambo ya mto na kulihudumia bila daraja ni taabu. Kwa uamuzi huo mmoja, watu waliokuwa na ndugu ng'ambo ya pili wakajikuta wako nchi nyingine. Mwaka 1952 familia za ukanda wa mpaka zikahamishwa kwa nguvu, baadhi ya nyumba zikavunjwa, na baadaye uzio ukasimamishwa kandokando ya mto. Mtu anaishi jirani na Elbe na haruhusiwi kwenda kuutazama. Ndiyo maana baada ya muungano wakazi walidai kurudi Niedersachsen, wakarudishwa 30 Juni 1993, na Oktoba mwaka huo manispaa ndogo za hapa zikaunganishwa kuwa Amt Neuhaus. Hayo yote mwandishi wenu kayaruka. Wala hakutaja Sumte, kijiji cha manispaa hii chenye watu wapatao mia moja tu, ambacho mwaka 2015 kilipangiwa wakimbizi 750. Ameona nafasi ya picha ya kasri juu ya mlima, wakati huku ardhi ni tambarare kama mkeka!

Na huyo Peters mwenyewe mmempa aya nzima ya ushujaa wa safari yake ya 1884 huko Usagara. Mabruk, mtumishi ambaye Peters aliamuru anyongwe Kilimanjaro mwaka 1891, hamkumtaja. Jagodja, msichana ambaye Peters aliamuru anyongwe mwaka uliofuata, hamkumtaja. Wajerumani wenyewe walimfukuza kazi mwaka 1897 kwa mambo hayo, na aliyekuja kumsafisha jina ni Hitler. Lakini Mangungo wa Msovero, chifu aliyetiliana mkataba na Peters kwenye safari hiyo ya 1884, mnamjua sana! Kila mkataba mbovu ukisainiwa nyumbani Tanzania, wanasiasa na waandishi wenu wanamtaja yeye: mikataba ya Mangungo, akili za Mangungo. Mzee wa watu aliletewa karatasi ya lugha asiyoijua, na ndiye anayezomewa mpaka leo, huku aliyeileta anaitwa jasiri. Nimechoka kusoma hivyo. Hata shuleni tulifundishwa hivyo hivyo, tukacheka darasani, na hakuna mwalimu aliyetueleza kwamba Februari 1885 Kaiza alitoa hati ya ulinzi kwa nguvu ya karatasi hizo hizo.

Ninachotaka ni masahihisho. Yachapishwe ukurasa ule ule ilipotokea makala, kwa ukubwa ule ule, siyo pembeni chini ya matangazo ya vifo. Yawe na ramani inayoonyesha Elbe, Neuhaus upande wa kaskazini-mashariki, vivuko viwili, na madaraja ya Lauenburg na Dömitz. Majina ya Mabruk na Jagodja yaandikwe kwa herufi zinazosomeka. Na mwandishi wenu akitaka kuandika tena habari za huku, aje Februari kuna barafu, asimame Bleckede asubuhi akiwa na miadi Neuhaus saa tatu. Chumba cha kulala ninacho, chakula nitampikia, na wazee wa hapa waliohamishwa wakiwa watoto nitampeleka kwao mwenyewe.

Msomaji wenu,
Amt Neuhaus, Ujerumani