Idadi ya vyuo vya kuomba ianzie kwenye chuo cha uhakika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalowahangaisha wanafunzi wengi wanaomaliza sekondari pamoja na wazazi wao, nalo ni idadi ya vyuo ambavyo kijana anapaswa kuomba. Msimu wa maombi unapokaribia, ushauri unaotawala ni kwamba aombe vingi kadiri awezavyo, kwa hoja kwamba kati ya vingi hatakosa kimoja. Hoja hiyo inavutia, lakini inawaponza vijana, na nasema hivyo nikiwa mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwasaidia waombaji kupitia fomu na insha zao kabla hazijatumwa.

Tumchukulie mwanafunzi anayeomba vyuo 10, na kila kimoja hudahili mwombaji mmoja tu kati ya 10. Hata kama uamuzi wa kila chuo usingehusiana kabisa na wa vingine, uwezekano wake wa kupata angalau kimoja ungekuwa asilimia 65 hivi, maana yake zaidi ya theluthi ya wanafunzi wa aina hiyo wangebaki mikono mitupu. Na maamuzi hayo yanahusiana sana, kwa sababu vyuo vyote 10 vinasoma alama zilezile, barua zilezile za mapendekezo na, mara nyingi, insha ileile, hivyo upungufu uliomkwamisha kwenye chuo cha kwanza huenda ukamkwamisha hata kwenye cha kumi. Akiongeza vingine vitano vya kiwango kilekile, anachoongeza hasa ni kazi na ada za maombi.

Mifumo ya udahili nayo haifanani. Nchini Uingereza, mwombaji wa shahada ya kwanza anayepitia UCAS, yaani mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu, hupewa nafasi 5 tu. Anayetaka udaktari wa binadamu, wa meno au wa mifugo huruhusiwa kutumia 4 kati ya hizo kwa kozi hiyo, na kwa kawaida haruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge katika mwaka mmoja. Maelezo binafsi anayoyaandika ni yaleyale kwa vyuo vyote, kwa hiyo anayechanganya sheria na baiolojia katika chaguo zake hujikuta ameandika maelezo yasiyomridhisha yeyote. Marekani mambo ni tofauti, kwani mfumo wa Common Application humruhusu mwanafunzi kuomba hadi vyuo 20, na bado ipo njia ya kuomba vingine nje ya mfumo huo. Huko hakuna atakayemwekea kikomo cha maana, na wengi huichukua ruhusa hiyo ya 20 kana kwamba ni mapendekezo.

Madhara yake huonekana kwenye maandishi. Vyuo vingi vya Marekani, mbali na insha kuu, hudai majibu mafupi, likiwamo lile la kwa nini mwombaji anakitaka chuo hicho. Jibu lililoandikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho hujulikana mara moja: linasifu maktaba kubwa, walimu mahiri na mazingira tulivu, na ukiondoa jina la chuo unaweza kuweka la chuo kingine chochote bila kugusa neno lingine. Nimewahi kusoma jibu ambalo aya yake ya mwisho bado ilikuwa na jina la chuo kingine kabisa. Mwanafunzi aliyesoma mtaala wa idara kwa makini, akataja kozi ya mwaka wa tatu anayoitamani na kueleza inavyoendeleza kazi aliyokwisha kuianza, huandika kitu tofauti sana, lakini jibu la namna hiyo hugharimu siku kadhaa, na sijamwona kijana anayeweza kuliandika mara 20 huku akijiandaa kwa mitihani.

Ndiyo maana nashauri orodha ianzwe kujengwa kutoka chini. Kabla ya kutaja chuo cha ndoto yake, kijana atafute chuo kimoja au viwili ambavyo sifa zake zinazidi kwa wazi kiwango kinachohitajika, ambavyo familia inaweza kuvilipia, na ambavyo yeye mwenyewe angekwenda kwa moyo mkunjufu. Masharti hayo matatu yaende pamoja. Wazazi wengi husahau lile la pili, wakaita chuo cha uhakika chuo ambacho kitamkubali mtoto na kisha kumpa ankara wasiyoiweza. Kwa anayetoka nje ya Marekani suala hili ni zito zaidi, kwa kuwa ni vyuo vichache tu huko visivyojali uwezo wa kifedha wa mwanafunzi wa kigeni vinapoamua kumdahili. Kwingineko, kuomba msaada wa ada kunaweza kumpunguzia nafasi. Kwa hiyo kila chuo kichunguzwe sera yake ya ufadhili kabla hakijaingia kwenye orodha, badala ya kusubiri barua ya kukubaliwa.

Vyuo hivyo vikishapatikana, viongezwe vitatu au vinne vinavyolingana na uwezo wake, kisha viwili au vitatu vigumu anavyovitamani kwa dhati. Kwa maoni yangu, pale ambapo mfumo hauweki kikomo, vyuo 6 hadi 9 vinawatosha wengi. Anayetegemea ufadhili kamili anaweza kwenda 10 au 12, kwa kuwa kwake kukubaliwa bila fedha ni sawa na kukataliwa.

Jambo la mwisho linawahusu watakaopokea majibu mema. Vyuo vingi vya Marekani huwapa waliodahiliwa hadi tarehe 1 Mei kuamua, na kijana aliyekubaliwa na vyuo vingi akizishikilia nafasi zote hadi siku hiyo, mwenzake aliye kwenye orodha ya kusubiri huendelea kukaa roho juu. Akishajua hatakwenda mahali fulani, aviarifu vyuo husika wiki hiyohiyo. Vingi vina sehemu ya kufanya hivyo kwenye akaunti ya mwombaji, na hakuna ada inayodaiwa.

Wasalaam,
Msomaji na mshauri wa wanafunzi