Pipi ya mfukoni mwa koti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba pipi za zamani hazikuwa na utamu wowote wa ziada, ila sisi wazee tunausifia utoto wetu. Nusu ya neno lake naikubali. Nusu ya pili nimeihangaikia jikoni siku tatu, na lengelenge kwenye kidole changu cha shahada ni ushahidi.

Ninayoisema ni ile pipi ngumu ya peremende, karatasi imesokotwa ncha mbili. Babu aliiweka mfuko wa ndani wa koti, pamoja na funguo na tumbaku ya kiko chake. Haikutoka hivihivi. Alijipapasa kushoto, akatikisa kichwa. Akajipapasa kulia, hamna. Halafu akashangaa kuikuta palepale ilipokuwa jana. Karatasi ilikuwa imeshagandana na pipi, ukiivuta inachanika, kwa hiyo tuliimung'unya na vipande vyake tukavitema baadaye. Kwa mbali ilikuwa na ladha ya tumbaku. Ubaridi ukishapanda puani, babu anauliza, "Imefika wapi?" Nasi tunatoa ulimi aone kilichobaki. Aliyeivunja kwa meno hakupewa nyingine mpaka kesho yake.

Za siku hizi nyingi ni laini, chachu, za kutafuna. Mtoto anamaliza tatu mimi sijaokota karatasi ya kwanza.

Basi nikaamua kupika mwenyewe. Shira inachemshwa mpaka ifike kama nyuzi 150 za Selsiasi, maji karibu yote yaishe, ndipo ikipoa inakuwa ngumu na kung'aa kama kioo. Siku ya kwanza nilikoroga bila kuacha, yote ikarudi kuwa chembechembe: nikapata sukari ileile niliyoanza nayo, tena inanuka moshi. Siku ya pili nikatia maji ya limau, maana asidi huvunja sehemu ya sukari na chembe hazishikani tena kirahisi. Siku hiyo ndiyo niliyoungua. Ya tatu nikadondoshea mafuta ya peremende, ikatoka safi kabisa.

Tamu ilikuwa tamu, lakini siyo yenyewe. Niliyalaumu mafuta, nikailaumu sufuria, hadi nilipoikumbuka ile karatasi. Pipi ya namna hii hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana ya babu ilinata. Kumbe siri haikuwa kwenye mapishi. Pipi ya babu ilikuwa imekaa tu.

Nikafunga tano kwenye karatasi, nikazitia mfukoni mwa koti pamoja na funguo, wiki mbili. Tumbaku niliiacha, daktari wangu ana pua kali.

Jumapili akaja mjukuu wangu wa miaka 7. (Mdogo wake ana miaka 3, huyo simpi, pipi ngumu inaweza kumkaba.) Nikajipapasa kushoto, nikajipapasa kulia. Alipoipata akavuta karatasi, ikachanika.

"Babu, hii imeharibika."

Hata hivyo akaitia mdomoni, akaenda zake kucheza. Baada ya kitambo alirudi, akasimama mbele ya kiti changu, akanitolea ulimi. Sikuwa nimemuuliza kitu.

Msomaji wenu wa siku nyingi